Madaraka Yashuke Pamoja na Helikopta

Mwanzoni mwa Machi 2018 Umoja wa Mataifa ulitoa muhtasari wa uchunguzi wa shambulio la Semuliki, na mpaka leo ninautunza. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, waasi wanaoaminika kuwa wa ADF, kundi lililotokea Uganda, waliivamia kambi ya askari wetu wa JWTZ waliokuwa kwenye misheni ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, MONUSCO. Kambi ilikuwa kwenye mto Semuliki, upande wa Beni, Kivu Kaskazini. Mapigano yakaendelea kwa saa nyingi gizani. Watanzania 15 walipoteza maisha, wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Timu ya uchunguzi iliyoongozwa na Dmitry Titov wa Urusi ilikuta mapungufu ya mafunzo. Ilikuta pia kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu wala wa kuwatoa askari waliozingirwa. Halafu ikataja vikwazo vikubwa vya usiku ule: ukamanda, uongozi, na kukosekana kwa nyenzo za lazima kama ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia.

Watu wengi wakisoma maneno hayo wanamtafuta kamanda mmoja wa kulaumiwa. Mimi namtafuta aliyekuwa na mamlaka ya kurusha helikopta, na najiuliza alikaa meza ya ngapi kutoka kwa kijana aliyekuwa kwenye handaki akiishiwa risasi.

Nimestaafu nikiwa Afisa Mteule, na karibu utumishi wangu wote nilikuwa mtu wa mawasiliano. Sikuongoza kombania. Nilibeba redio mgongoni, nikatandaza waya, nikasimika antena kwenye vilima vinavyopigwa radi, na baadaye nikakaa chumba cha redio nikiwasimamia vijana waandike vizuri kwenye daftari la ujumbe. Kazi hiyo inakupa kitu ambacho jenerali hana. Unamsikia aliye porini, unamsikia na aliye ofisini, na unaona kwa macho yako ujumbe unavyobadilika sura ukipanda ngazi.

Mpwa wangu naye ni mwanajeshi, luteni. Alipokuja likizo tulikaa barazani hadi usiku tukibishana juu ya haya. "Mjomba," akaniambia, "siku hizi tunafundishwa kwamba kamanda aseme anataka nini kifikiwe na kwa nini, njia ya kufika amwachie aliye chini. Hali ikibadilika, aliye chini haombi ruhusa. Anashika lengo, anatenda." Nikamwambia nakubali kila neno. Kisha nikamuuliza: "Na ukishaamua, unaamua ukiwa na nini mkononi?" Alinyamaza, na swali hilo ndilo lililonifanya niandike.

Fikra aliyofundishwa ina umri mkubwa. Jeshi la Prussia, dola la Kijerumani la wakati huo, lilianza kuitafuta baada ya Napoleon kulisambaratisha kule Jena na Auerstedt siku moja tu, 14 Oktoba 1806. Jenerali Scharnhorst na wenzake waliona jeshi lililosubiri amri kutoka juu kwa kila hatua limepigwa na jeshi lililokwenda kwa kasi. Kufikia enzi za Helmuth von Moltke, aliyeongoza unadhimu kuanzia 1857, majeshi yalikuwa makubwa mno kwa jicho la mtu mmoja. Yalisafiri kwa reli, yakapita njia tofauti, yakakutanishwa uwanja wa vita. Moltke alifundisha kwamba hakuna mpango wenye uhakika ukishakutana na nguvu kuu ya adui, kwa hiyo afisa aliye mbele lazima ajue kutenda peke yake. Wanaomtaja Moltke leo huishia hapo. Wanaacha kusema kwamba maafisa wake wa unadhimu walipita chuo kimoja, walizunguka mabonde na vijiji wakijibu maswali ya vita kwenye ardhi halisi, na ratiba za treni za kuwapeleka askari ziliandaliwa mapema wakati wa amani. Uhuru wa yule wa mbele ulikuwa umeshalipiwa kabla risasi haijalia.

Nitasimulia usiku mmoja, katika misheni ambayo sitaitaja. Nilikuwa chumba cha redio cha sekta. Platuni moja ilikuwa kwenye doria ng'ambo ya mto uliofurika, na barabara nyuma yao ilikuwa imekatwa na mvua. Saa mbili kasoro usiku luteni wao akaita. Hakuwa na hofu. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma ramani kwa tochi huku anaongea. Wanakijiji watatu walikuwa wamefika kwenye gari lake, wakamweleza kwamba watu wenye silaha wamevuka kwenye kivuko cha chini na wanaelekea shule ya msingi, ambako familia zilizokimbia makwao zilikuwa zinalala. Aliomba mambo mawili. Aruhusiwe kuacha njia ya doria aliyopangiwa, ahamie shuleni. Na helikopta ikae tayari kwa ajili ya majeruhi.

Kijana wangu aliuandika ujumbe neno kwa neno. Nikaupeleka kwa afisa wa zamu. Afisa wa zamu akasema kubadili njia ya doria hakuko ndani ya uwezo wake, ni kwa mkuu wa operesheni wa sekta. Akaamshwa. Mkuu wa operesheni akasema ile shule iko ndani ya eneo la kikosi cha nchi nyingine, kwa hiyo lazima makao makuu ya misheni waseme. Ujumbe ukapanda tena, na ulivyokuwa unapanda ulikuwa unafupishwa. Wanakijiji watatu wakawa "taarifa za wenyeji". Shule yenye familia ikawa "kituo cha raia". Kivuko kikapotea kabisa kwenye karatasi, wakati kivuko ndicho kilichoonyesha kwamba wale watu wangefika shuleni kabla ya usiku wa manane. Kwa upande wa helikopta tulielekezwa idara ya kiraia ya safari za anga, na aliyepokea simu, kwa adabu kabisa, akataka fomu yenye saini ya mtu ambaye siku hiyo alikuwa safarini. Wakati huohuo mkuu wa kikosi chenye doria alikuwa kwenye simu ya setilaiti na mji mkuu wa nchi yake, akiuliza kama serikali inaridhia askari wake watoke kwenye njia.

Luteni aliendelea kuita. "Kuna jibu? Ova." Tukamjibu asubiri. Karibu na alfajiri jibu likashuka: aendelee kufuatilia hali na kutoa taarifa. Kufikia hapo wenye silaha walikuwa wameshapita shuleni na kuondoka. Hakuna aliyekufa, kwa sababu wale wanakijiji watatu hawakungoja. Walikimbia kwa miguu kuwaamsha wenzao, na familia zikajificha kwenye mashamba ya mihogo. Chakula chote kilibebwa na madarasa yakachomwa.

Nilirudia kusoma lile daftari asubuhi, mstari kwa mstari. Hakuna hata mtu mmoja aliyelala kazini. Kila meza ilifanya kile ambacho kanuni zake ziliitaka ifanye. Ndiyo maana nasema shida ya namna hii haitibiwi kwa kumbadilisha kamanda. Ukimweka mwingine kwenye meza zilezile, ujumbe utafika alfajiri vilevile.

Na kanuni zile hazikuwekwa na wapumbavu. Operesheni za amani za Umoja wa Mataifa zilikua kwenye mazingira ya namna fulani: Sinai mwaka 1956, Cyprus tangu 1964, milima ya Golan tangu 1974. Kuna mstari kwenye ramani, pande zinazojulikana zimekubali kusimamisha vita, na askari wa kofia za bluu wako katikati wakihesabu nani amevuka. Mahali kama hapo jibu likingoja hadi asubuhi hakuna kinachoharibika. Kwa kweli ni vizuri lingoje, maana luteni mwenye haraka anaweza kuanzisha upya vita iliyokwisha. Mkuu wa majeshi ya misheni hupewa udhibiti wa kiutendaji tu. Nidhamu, vyeo na mishahara ya askari vinabaki kwa nchi zao. Juu yake kuna mwakilishi maalumu wa Katibu Mkuu, ambaye ni raia. Magari, mafuta na safari za anga viko chini ya idara ya usaidizi, nayo ni ya kiraia. Nchi nyingi huja na masharti yao: askari wetu hawatoki eneo hili, ndege zetu haziruki usiku. Muundo huo ukiuhamishia kwenye msitu ambako adui hana sare, hana mstari, na hajasaini chochote, unapata usiku kama ule wangu. Au unapata Semuliki.

Mwaka 2013 muundo huo ulirekebishwa kidogo, na tuliona tofauti. Waasi wa M23 walikuwa wameingia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, tarehe 20 Novemba 2012 huku askari wa MONUSCO wakiwemo mjini. Aibu ile ilizaa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, la 28 Machi 2013, lililounda brigedi ya kujibu mashambulizi, FIB. Ilikuwa na vikosi vitatu vya askari wa miguu, kimoja cha mizinga, na kombania moja ya makomando na upelelezi. Askari walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wa kwanza wa brigedi alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania, na azimio lenyewe liliiweka moja kwa moja chini ya mkuu wa majeshi ya MONUSCO, Luteni Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz wa Brazil. Mwezi Agosti mapigano yakapamba moto Kibati, kaskazini ya Goma. Mwishoni mwa Oktoba jeshi la Kongo, likisaidiwa na brigedi, lilichukua Kibumba, Rutshuru, Kiwanja na Rumangabo. Tarehe 5 Novemba 2013 M23 wakatangaza kuacha vita.

Najua wapo watakaosema shinikizo la kidiplomasia kwa Rwanda, iliyotuhumiwa kuwasaidia M23, lilichangia, na ni kweli. Hata hivyo naomba tuangalie ngazi za amri zilivyokuwa. Mkuu wa majeshi alikuwa Goma. Makao ya brigedi yalikuwa huko. Makamanda wa Kikongo waliohusika na mapigano walikuwa huko, na Kinshasa ilikuwa imewaita mji mkuu maafisa wengi waliokuwa wakivuruga uongozi wa mashariki. Kanali Mamadou Ndala, ambaye wananchi wa Goma walimpenda sana, alionekana mstari wa mbele. Helikopta za kivita za Rooivalk za Afrika Kusini zilipoingia kazini mwanzoni mwa Novemba, aliyezihitaji na aliyezituma hawakuwa mbali. Walioamua waliviona vilima vilevile walivyokuwa wakiviona askari.

Kisha brigedi ileile, kwa muundo uleule, ikapelekwa kupambana na ADF kule Beni. Hapa ndipo wapangaji walipokosea hesabu, kwa maoni yangu. M23 lilikuwa jeshi. Lilishika vilima, lilikuwa na malori, ungeweza kuchora mstari wake kwenye ramani ya mchanga. ADF walikaa msituni vikundi vikundi, wakaua wanavijiji kwa mapanga tangu Oktoba 2014, wakatoweka. Dhidi ya adui huyo brigedi ililazimika kujitawanya kwenye kambi ndogondogo zilizo mbali na Goma, kila moja ikitegemea barabara ya matope. Kambi ilipotawanyika, madaraka yalitakiwa yatawanyike nayo, na helikopta, wahandisi na wapelelezi vivyo hivyo. Muhtasari wa Titov unasema wazi vitu hivyo vilikosekana. Askari walipelekwa mbali, nyenzo na uamuzi vikabaki nyuma.

Yapo mambo tunaweza kujifunza hapa nyumbani bila kwenda Ulaya. Machi 1979, vita vya Kagera vikiwa vimeingia ndani ya Uganda, Brigedi ya 201 iliingia Lukaya, mji mdogo kwenye barabara ya Kampala. Brigedi hiyo ilijaa wanamgambo, wengi wao walikuwa hawajawahi kuonja mapigano. Jioni ya tarehe 10 walipigwa kwa maroketi ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin, wakatawanyika gizani, na makamanda wakashindwa kuwakusanya. Divisheni ya 20 ilikuwa chini ya David Musuguri, mzee wetu aliyefariki 2024 akiwa ameshavuka miaka mia. Mpango ulibadilishwa palepale. Brigedi ya 208, iliyokuwa kilomita zipatazo 60 kaskazini magharibi, iliamriwa iache ilichokuwa inafanya na iwahi kuikata barabara ya Kampala nyuma ya adui. Kesho yake Lukaya ilirudi mikononi mwetu.

Mpwa wangu alipenda mfano huu, akauona kama ushindi wa uhuru wa walio chini. Nilimkatalia. Pale Lukaya wa chini walikuwa wamezidiwa, na aliyeokoa hali ni wa juu. Alikuwa na brigedi nyingine ya kugeuza, alikuwa na redio iliyomfikia kamanda wake, na hakukuwa na fomu katikati. Kwenye mazingira yasiyotabirika, kazi ya mkuu haiishi kwa kuwaachia walio chini waamue. Lazima abaki na akiba mkononi na aweze kuitupa inakohitajika ndani ya saa chache. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na luteni aliyezingirwa anajua hivyo kuliko mtu yeyote.

Nikiwatajia vijana mambo haya, wengi hunitajia Marekani na Iraq. Ni mfano mzuri, mradi usisimuliwe nusu. Jenerali Stanley McChrystal alichukua uongozi wa vikosi maalumu mwaka 2003, akakuta wapiganaji hodari wanaopigwa na mtandao wa Abu Musab al-Zarqawi, kiongozi wa al-Qaida nchini Iraq, usiokuwa na makao makuu. Nyaraka na simu zilizokamatwa kwenye nyumba zilitiwa kwenye magunia na mifuko, zikangoja mchambuzi, na zilipokuja kusomwa waliotajwa humo walikuwa wameshahama. Makao yao ya Balad, kaskazini ya Baghdad, yakafanya jambo ambalo mtu wa mawasiliano kama mimi anaweza kulilia kwa furaha. Kila siku walifanya mkutano mmoja wa video, na kadiri muda ulivyokwenda walioungana walifika maelfu: wapiganaji, wachambuzi, balozi, idara za ujasusi. Koplo aliyejua jambo alisikika na jenerali bila ujumbe wake kufupishwa mara nne njiani. Maafisa bora waliondolewa kwenye vikosi vyao wakapelekwa kukaa kwenye ofisi za wengine, ili watu wawe wanajuana kwa sura. Ndipo makamanda wa chini wakaruhusiwa kuamua uvamizi wenyewe. Kutoka chini ya operesheni 20 za mwezi Agosti 2004, walifikia 300 kwa mwezi miaka miwili baadaye. Zarqawi aliuawa 7 Juni 2006 karibu na Baquba.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni kwamba ndege za uchunguzi, helikopta na wachambuzi walikuwepo kwa wingi ambao hakuna jeshi la Afrika linauota, na bila hivyo ule uhuru ungebaki maneno. Tena kikosi hichohicho kilikuwa na kituo cha mahabusu karibu na uwanja wa ndege wa Baghdad, Camp Nama, ambako mateso dhidi ya wafungwa yaliandikwa hadharani mwaka 2006. Ukimpa mtu wa chini uhuru na kasi, mpe pia mtu wa kumkagua, maana gizani si kila mlango unaovunjwa ni wa adui. Na kundi la Zarqawi halikufa naye. Baada ya miaka michache lilirudi likiwa Dola la Kiislamu.

Kuna marekebisho mengine ya ngazi za amri ambayo hayasimuliwi kwa sababu hayana ndege. Jeshi la Kongo baada ya vita kubwa lilikuwa linalipa mishahara kupitia makamanda. Fedha zilishuka ngazi kwa ngazi na kila ngazi ilikata chake. Kamanda mwenye askari 300 aliandika 500, hao 200 wakawa askari hewa. Fikiria maana yake kwa uamuzi wa vita. Makao makuu yanatazama ramani, yanaona kikosi kamili kwenye daraja fulani, kumbe daraja lina watu wachache wenye njaa. Kuanzia 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulisaidia kutenganisha njia ya mishahara na njia ya amri, na askari wakahesabiwa mmoja mmoja kwa alama za vidole. Haikumaliza wizi. Lakini kwangu hilo ni badiliko la ukamanda kuliko semina nyingi nilizowahi kusikia, kwa sababu kamanda asiyejua ana watu wangapi hawezi kumwachia mtu yeyote chochote.

Badiliko jingine ninalolipenda linahusu majeruhi. Baada ya vifo vya miaka ile, Umoja wa Mataifa ulimtuma Santos Cruz aandike juu ya usalama wa walinda amani. Ripoti yake ya Januari 2018 ilisema bila kuzunguka kwamba kofia ya bluu na bendera havimlindi tena mtu. Kisha ukaimarishwa utaratibu wa kuokoa majeruhi wenye vipimo vitatu vya muda vya kukumbuka: dakika 10 apate huduma ya kwanza, ndani ya saa 1 afikiwe na watabibu wa dharura, ndani ya saa 2 awe mezani kwa daktari wa upasuaji. Sera ya mwaka 2020 ikashusha uamuzi wa kurusha helikopta ya majeruhi hadi ngazi ya sekta. Soma tena usiku wangu wa kwenye redio, uone badiliko hilo lingefuta simu ngapi. Mtu hakuongezewa cheo wala mshahara. Saini ilihamishwa tu kutoka meza ya mbali hadi meza ya karibu, na saa ikawekwa ukutani ili kila mtu ajue amechelewa.

Halafu likaja jambo la Goma, ambalo bado linaniuma. Januari 2025, M23 waliporudi wakiwa na nguvu kuliko 2013, upande wa kuulinda mji ulikuwa na jeshi la Kongo, wapiganaji wa Wazalendo, yaani wanamgambo wanaoiunga mkono serikali, askari wa Burundi, kikosi cha SADC chenye askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, MONUSCO na ile brigedi yake, na wakandarasi wa kijeshi kutoka Ulaya. Mwaka mmoja nyuma yake kikosi cha Afrika Mashariki kilikuwa kimeshafungasha na kuondoka. Kila mmoja alikuwa na kibali chake, redio zake, mji mkuu wake wa kuuliza. Goma ilianguka kuelekea mwisho wa Januari, wanajeshi wa nchi zote tatu za SADC walikufa, na tarehe 13 Machi viongozi wa SADC wakaamua kikosi kirudi nyumbani. Idadi ya bunduki haikuwa ndogo. Nilipokuwa nafuatilia habari zile kutwa kucha, nilikuwa natafuta jibu la swali moja: ni chumba gani Goma ambamo wote hao walikaa pamoja mbele ya ramani moja? Kwa yote niliyosoma, sijakutana na chumba hicho.

Mpwa wangu huenda akapangiwa misheni. Hatujui wapi, na si jambo la kuandika hapa. Nimemwambia kabla ya kupanda ndege awaulize wakubwa wake kwa heshima, afande kwa afande: saa nane usiku, nikiwa na majeruhi na barabara imekatika, nampigia nani, na huyo mtu ana uwezo wa kurusha kwa neno lake mwenyewe? Nani jirani yangu wa nchi nyingine, na nimeshakunywa naye chai? Nikiacha njia ya doria kwa ajili ya watu wanaouawa, mkubwa wangu atasimama nami kesho yake mbele ya bodi ya uchunguzi? Haya yana majibu. Yanaweza kuandikwa kwenye makubaliano kati ya Umoja wa Mataifa na nchi inayotoa askari, maana makubaliano hayo yanataja hadi idadi ya magari na majenereta.

Na yajaribiwe kabla. Siyo kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Wafanye usiku, msimu wa mvua, kwa rubani halisi na fomu halisi, platuni ikiwa ng'ambo ya mto, na mtu wa redio aandike kwenye daftari saa ambayo kila meza ilipokea ujumbe na saa ambayo iliuachia. Meza itakayoonekana imekaa nao muda mrefu kuliko dakika ambazo majeruhi anazo, mamlaka yake yahamishiwe chini kabla kikosi hakijaondoka, na helikopta ihamie sekta pamoja nayo.